Sauti ya yeyo ilivyokatwa sekunde mbili: kisa cha shoo moja Kijenge

Ile shoo ilikuwa ya dakika 35 tu, jumamosi jioni, ukumbi mdogo wa pale Kijenge wenye viti kama 120 hivi, na mi ndo nilikuwa kwenye miksa. Nimefunga spika Arusha hii miaka mingi, harusi, kwaya, kampeni, hiphop, ila hii shoo imenikalia kichwani kuliko zote, kwa iyo naiandika yote, manake ndani yake kuna swali ambalo wasanii wetu wa mambo mapya watakutana nalo wote, wapende wasipende.

Wasanii walikuwa wawili. Chalii mmoja wa Sakina anayepiga mashine, yaani laptopu na zile pedi za kugonga sampo, vipande vya sauti vilivyokatwa kwenye rekodi, na dada mmoja aliyesomea sanaa za jukwaani, huyu ndo alikuwa anaigiza na kuimba. Hadithi iliyonyooka hamna, na hilo lilikuwa kusudi. Kuna mtu katoka Longido kaja mjini kulinda geti la watu, ila huyo mtu unampata vipande vipande, mara dada ni mlinzi, mara ni boss mwenye geti, mara ni konda wa daladala, na nguo habadilishi hata mara moja, kavaa shuka nyekundu juu ya suti ya kiume, miguuni katambuga. Muziki nao hivohivo, umeshonwa kwa viraka: sauti ya konda anaita "Mrombo Mrombo Mrombo", yule dada wa kwenye simu anayekwambia namba unayopiga haipatikani, kinanda cha kwaya, kengele ya mbuzi, na katikati ya yote sauti ya mama anaimba Kimaasai.

Sasa kuna sehemu mbili lazima nizieleze vizuri.

Ya kwanza ni dakika ya 12. Kwenye mazoezi waliniambia, kaka, tukifika hapa unazima kila kitu, spika na taa, sekunde 20, husemi kitu. Nikawaambia mnataka watu wanipige mawe. Wakasisitiza. Basi siku yenyewe nikazima, ukumbi giza tii, na dada pale jukwaani hakushtuka, akaendelea kuongea kwa sauti yake ya kawaida bila maiki, akiwa mlinzi anayelalamika kwamba jenereta la boss limeisha mafuta. Watu wakageuka kunitazama mimi, mmoja akapiga kelele "fundi vipi!", wengine wakajua umeme umekatika kama kawaida, na bila mtu kuwaomba wakaanza kuwasha tochi za simu wakamulika jukwaani. Yaani umeme ulivyorudi tayari wao ndo walikuwa taa za shoo. Nimeona wasanii wengi wakitafuta namna ya kumwingiza mtazamaji kwenye kazi, kwa maswali, kwa kushuka jukwaani, kwa kulazimisha watu waitikie, ila sijawahi kuona imefanyika kwa upole namna ile, kwa kutumia kitu ambacho kila mtu wa hapa mjini anakijua mpaka mkono unajiendea wenyewe kwenye simu.

Ya pili ni dakika ya 20 na kitu. Hapo mlinzi anapiga simu nyumbani. Chalii alichukua ile sauti ya mama wa Kimaasai akakata kipande cha sekunde 2 na kidogo, akakipandisha juu nusu-sauti 7 mpaka mama wa watu akawa kama mtoto wa miaka 8, akakiweka kijirudie juu ya ngoma nzito. Kikajirudia kama mara 40, dakika moja na nusu hivi. Watu wakasimama, wakacheza, mi mwenyewe nikaongeza besi manake ilikuwa inanoga kweli.

Afu nikasikia kitu kwenye hedifoni ambacho sijakiweka. Kila kipande kikijirudia, kuna sauti ya chini inajibu. Nikaangalia chaneli zote, hamna. Nikavua hedifoni, nikageuka, kumbe ni mlangoni. Kuna yeyo mmoja, yaani mama wa Kimaasai, anauza shanga pale nje, shoo yoyote ikiwepo anatandika kitambaa chake karibu na mlango, alikuwa kasimama kwenye kizingiti, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, na kila ule mlio ukija yeye anaitikia. Hachezi. Hacheki. Anaitikia tu, taratibu, kama mtu anayejibu hodi. Maiki ya dada ndo ilikuwa inamnasa, manake dada alishamwona, akawa anasogea upande ule. Watu wengi walidhani ni sehemu ya shoo na wakapiga makofi.

Baada ya watu kutoka dada akamfuata. Akamsalimia, takwenya yeyo. Naye akaitikia, iko. Akamuuliza mbona ulikuwa unaitikia. Yeyo akasema, kwa Kiswahili chake cha kawaida tu, kwamba huo ni wimbo wa kina mama wa kumwomba Enkai, yaani Mungu, mtoto, anayeongoza anaita na wenzake wanaitikia, sasa nyinyi mmemchukua anayeita mmewaacha wanaoitikia, anaita anaita anaita, hakuna anayemjibu, mi nikaona vibaya. Afu akauliza, huyo mama ni nani? Chalii akanyamaza. Hakujua. Alitumiwa na binamu yake kwenye simu, na binamu naye alitumiwa.

Hapo ndo kisa chenyewe kilipo.

Wasomi wana jina la mbinu hizi, usasabaadaye, wengine wanasema usasaleo, na mtu akisikia hilo neno anadhani ni mambo ya wazungu yameletwa juzi na watoto waliosoma. Mi sikubaliani kabisa. Chukua ngoma ya beni. Miaka ya 1890 huko pwani watu walianza kucheza wakiiga bendi za kijeshi za wazungu, matarumbeta, gwaride, vyeo, wakajipa ukingi na ujenerali, na kina Kaisari wakawemo, ikaenea mpaka Tanganyika nzima kwenye vyama vya Marini na Arinoti, na serikali ya kikoloni ikawa inawaangalia kwa mashaka manake haikuelewa kama inachekwa, inasifiwa, au inapangiwa njama. Hiyo ni mbinu ileile, unachukua alama ya mkubwa unaivaa wewe mpaka maana yake inaanza kuyumba. Na kwenye rapu ya Kiswahili tulianzia hapohapo: Saleh Jabir mwaka 1991 alichukua biti ya Vanilla Ice wa Marekani akaweka maneno yake ya Kiswahili juu, na ile biti yenyewe Vanilla Ice alikuwa kaitoa kwenye gitaa la besi la Queen na David Bowie la 1981. Kiraka juu ya kiraka, na ndo mlango rapu yetu ilipoingilia. Kwa iyo kukata na kushona sio wizi kwa asili yake, na sitaki mtu asome hiki kisa aseme vijana waache.

Tena kuna kitu dada alifanya ambacho kwangu ndo akili kubwa kuliko zote mle ndani, nacho ni ile shuka juu ya suti. Fredric Jameson, mtaalamu wa Marekani, aliandika mwaka 1984 kwamba uigaji wa zama hizi umebaki kuvaa sura tu, hauchekeshi, haumlengi mtu, unavaa sura ya kitu kama kinyago kisicho na neno la kusema. Sasa fikiria shuka hapa Arusha. Mlinzi anaivaa getini, wacheza ngoma wanaivaa hotelini mbele ya watalii, mwanasiasa anavalishwa akija kuomba kura, dukani inauzwa kwa mgeni anayeondoka kesho, na wakati huohuo kuna mzee wa Monduli anaivaa kwa sababu asubuhi ni baridi na hiyo ndo nguo yake. Ukiipandisha jukwaani inakuja na hao wote. Dada alilijua hilo, ndo maana akaweka suti ndani na shuka nje, na dakika 35 nzima huwezi kusema lipi ni vazi la kuigizia na lipi ni nguo yake. Hicho sio kinyago kitupu hata kidogo. Kina neno zito.

Ila sauti sio shuka. Hapo ndo chalii alipoteleza, na nadhani ameteleza pamoja na nadharia yenyewe. Roland Barthes, Mfaransa, aliandika mwaka 1967 kwamba mwandishi amekufa, yaani kazi ikishatoka maana yake iko kwa msomaji, usihangaike na mwenyewe alitaka nini. Kwenye karatasi naweza kumfuata. Lakini yule mama hajafa, yuko Longido, kilomita kama 80 kwa barabara ya Namanga, unapanda Noah asubuhi na mchana umefika. Na kilichokatwa ni pumzi yake, koo lake, siku yake.

Hii imeshatokea duniani na mfano wake unaumiza. Kuna mama wa kabila la Baegu, kisiwa cha Malaita kule Visiwa vya Solomon, aliitwa Afunakwa. Karibu mwaka 1970 mtafiti Hugo Zemp alimrekodi akiimba wimbo wa kumbembeleza mtoto, rekodi ikatoka 1973 kwenye mfululizo wa UNESCO. Mwaka 1992 kundi la Ufaransa, Deep Forest, wakachukua ile sauti wakaiweka juu ya biti ya dansi, ikauza dunia nzima, ikatumika hadi kwenye matangazo ya biashara, na jina la Afunakwa hamna. Afu mwaka 1996 Jan Garbarek, mpiga saksafoni wa Norway, akaipiga ileile melodi akidhani ni wimbo wa Mbilikimo wa Afrika ya kati! Yaani sauti ikishakatwa kwenye mwili wake hata bara lake linapotea. Nilimwonesha chalii habari hii usiku uleule, akakaa kimya muda mrefu.

Na sisi Arusha hatuna sababu ya kuteleza hapo manake tulishaoneshwa njia. X Plastaz, kundi la hapahapa lililoanza 1996, walitaka Kimaasai ndani ya hiphop yao na hawakukata sauti ya mtu mahali, walimweka mwimbaji wa Kimaasai mwenyewe, Yamat ole Meipuko, anayejulikana kama Merege, ndani ya kundi. Albamu yao ya 2004 yeye yumo kama msanii, jukwaani Ulaya yupo anaimba na shuka yake pembeni ya marapa wa kundi, kina Gsan na marehemu Faza Nelly. Ukiisikiliza utaona ni mchanganyiko wa kisasa kama wowote ule, lugha zinagongana, ngoma na biti zinavutana, ila aliyeita anaweza kugeuka akamwambia prodyuza hapana, hapo umeniharibia. Hiyo ndo tofauti kubwa. Sampo haiwezi kukwambia umeiharibu.

Kuhusu sheria nitasema kwa kifupi. Chalii alikuwa anasema wimbo wa jadi hauna mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki namba 7 ya 1999 ina sehemu nzima ya kulinda sanaa za jadi, na mbali na hapo mwimbaji ana hakishiriki yake kwenye alichoimba yeye. Ni vitu viwili, wimbo ni wa jamii, sauti ni ya mama. Ila mi sikuona kama kilichotusumbua kilikuwa sheria, manake hakuna mtu angetushtaki.

Kumpata yule mama wa kwenye klipu ilichukua wiki tatu. Yeyo wa shanga ndo aliyetuongoza, alisikiliza ile klipu nzima, dakika 1 na sekunde 50, akasema hao wanaimba kama watu wa upande wa Longido, afu binamu akamtafuta aliyemtumia, huyo anafanya biashara ya ng'ombe mnadani, naye akajua boma. Tulienda watatu, mi, dada na chalii, na yeyo akatupa neno la salamu la kufikisha.

Mama tulimkuta anakamua. Mtu mzima, miaka 50 na kitu kwa kumwangalia. Tukapewa chai ya maziwa, tukakaa, dada akaeleza. Chalii akamwekea kwanza ule mkato wa kwenye shoo. Mama akasikiliza kichwa kimeinama, afu akauliza: huyu mtoto ni wa nani?

Hakujitambua. Chalii alishusha macho kabisa. Akamwekea klipu yenyewe sasa, nzima, bila kupandisha, na hapo mama akacheka akaziba mdomo na shuka, akaanza kuwahesabu wenzake kwa sauti zao, huyu ni mke mwenzangu, huyu ni jirani, huyu alikuja siku ile tu kututembelea. Watano. Sisi tulikuwa tumebeba bahasha ya mtu mmoja.

Mnaona ugumu ulivyo. Tulikuwa tunabishana nani ni mwenye sauti kama vile sauti ni moja, kumbe anayeita sio anayeita bila wanaoitikia, ndo kitu kilekile yeyo wa shanga alikisema mlangoni siku ya kwanza na sisi hatukukisikia mpaka mwisho. Mama alisema mambo matatu, tena bila kuzungukazunguka. Sauti yangu irudi ilivyokuwa, mi sio mtoto. Wenzangu wawepo. Na hela ni 150,000 kwa kila shoo, tutagawana wenyewe. Dada akasema sawa mama. Kuhusu kucheza dansi juu yake hakuwa na neno, alisema watu wakifurahi ni vizuri.

Njiani kurudi ndo wakagombana, na mi nilikuwa nimekaa katikati kwenye Noah. Chalii anasema, na hili nalo lina ukweli, kwamba ule mwito usiojibiwa ndo moyo wa kile kipande, mlinzi anapiga simu nyumbani haipatikani, anaita anaita, ukiweka waitikiaji umeua kila kitu, inakuwa kwaya. Dada anasema basi tutafute njia. Mi niliona chalii yuko sahihi kisanaa na hilo ndo linanisumbua mpaka leo. Kilichokuwa kinauma kwa yeyo ndo hichohicho kilichokuwa kinatugusa sisi. Yeye alisikia mtu ameachwa bila jibu, sisi tulisikia mtu ameachwa bila jibu, ila kwake ni mtu wa kweli.

Walichofanya mwishoni ni kumpigia mama simu. Dada alimweleza kwamba tunataka uite peke yako kwanza, kwa sauti yako, muda mrefu, watu waone upweke wa huyu mlinzi, afu mwishoni wenzako waje wote. Mama akafikiri akasema muda mrefu ni kiasi gani, dada akasema dakika moja, mama akasema punguza. Wakapunguza ikawa sekunde 40.

Shoo ya pili ilifanyika ukumbi uleule. Nikiwa mkweli kama mtu wa sauti, ilipoteza kitu. Ile sauti iliyopandishwa ilikuwa inakaa juu kabisa ya ngoma, inapenya kama sindano, sasa sauti ya mama ni nzito, inagombana na kinanda cha kwaya pale katikati, nikalazimika kukikata kinanda karibu nusu ili asikike, na watu hawakucheza kama mara ya kwanza. Walisikiliza. Na pale wale wanawake watano wanapoingia, chalii aliondoa ngoma yote, akabakisha wao tu na kelele za upepo wa ile simu iliyowarekodi, mi sikugusa kitu, niliacha upepo ulivyo. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi nilisikia feni ya laptopu. Kipande cha kuzima umeme kilibaki vilevile na bado kilifanya kazi, tena safari hii kuna mama mmoja wa kiti cha mbele alimulika uso wa dada moja kwa moja akawa kama taa ya jukwaani kabisa.

Chalii bado hajakubali yote. Juzi aliniuliza, na swali lake ni la haki, ukianza kumuuliza kila mtu utashona nini? Tumemwuliza mama wa Longido kwa sababu mtu alisimama mlangoni. Kwaya je? Dada wa kwenye simu je? Konda je?

Yule konda nilimrekodi mimi, kwa simu yangu, stendi ya Kilombero, asubuhi moja nikiwa nasubiri gari lijae. Ananijua kwa sura, huwa ananiwekea siti ya dirishani. Shoo mbili watu 120 kila moja wameisikia sauti yake na yeye hajui. Jumatatu napita pale, nimeshaweka kile kipande kwenye simu, nitamwekea asikilize kabla gari halijaondoka.